Suruali ya Mshenga

Mimi ni fundi umeme. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani niliivamia cherehani ya Bibi kwa ujinga mtupu. Nimesuka mota, nimefufua jenereta lililokuwa limeshaombewa dua, nimefunga nyaya kwenye nyumba ambazo panya wenyewe walikuwa wanatembea kwa uangalifu. Mtu wa namna hiyo ukimwekea mbele mashine ya kukanyaga kwa miguu, isiyo na hata waya mmoja, unategemea aiogope?

Bibi mzaa mama anakaa Ngamiani, Tanga, na cherehani yake inakaa barazani. Nyeusi, na yule kipepeo wake wa dhahabu kabaki na bawa moja, la pili limekwenda na viwiko vya Bibi. Huniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, nami humwita mke wangu, hasa nikiwa na njaa. Ndoa yetu ina sharti moja tu: nisiguse cherehani.

Jumatano ikaja habari ya msiba Pangani. Bibi akafunga furushi lake, akaniachia hela ya mboga na pumba za kuku.

"Mume wangu," akasema akiwa kizingitini, "jiko lako, kitanda chako, kuku wako. Ile pale yangu."

Ijumaa asubuhi akaingia mjomba na suruali kwapani. Jioni ile kulikuwa na ndoa mtaa wa pili, na mjomba ndiye alikuwa mshenga. Ndiye aliyepeleka posa, ndiye aliyezungumza mahari, na sasa ndiye asiyeweza kufunga kifungo. Suruali ilikuwa ya kijivu, nzuri, imeshonwa zamani kidogo, kabla mjomba hajahamia kwenye chapati za mke wa pili. Ila fundi aliyeishona alikuwa muungwana: nyuma, ndani ya mshono wa makalio, aliacha kitambaa cha akiba upana wa vidole viwili.

"Mjomba," akaniita, maana sisi huitana jina hilohilo pande zote mbili, "wewe si fundi?"

"Fundi umeme."

"Fundi ni fundi."

Sentensi hiyo imewahi kuua watu. Mimi ikanivimbisha kichwa.

Nikaufumua mshono wa nyuma kwa wembe. Nikakaa kwenye kiti cha Bibi. Kwanza nikauteremsha ule mguu mdogo unaokandamiza kitambaa, maana ukiwa juu niliona unaning'inia tu bila kazi, kisha nikatunga uzi kama nilivyomwona Bibi akitunga tangu utoto: kutoka kwenye kigurudumu cha uzi, ukateremka hadi kwenye vile visahani viwili vya chuma vilivyobanana kama abiria wa daladala, ukapanda kwenye kile kikono kinachonyanyuka na kushuka, ukarudi chini, tunduni mwa sindano. Nikafurahi. Nikajaribu kwenye kitambaa chakavu.

Juu, mshono ulikuwa wa kupeleka maonyesho ya Sabasaba. Nikageuza chini. Chini kulikuwa na kiota cha shomoro. Vitanzi, mafundo, uzi umejirundika rundo kwa rundo kama tambi zilizopikwa na mwanamume.

Kwenye visahani kuna kitasa cha kuzungusha chenye namba, sifuri mpaka tisa. Bibi alikuwa ameiacha kwenye nne. Nikapeleka sita. Kiota. Nane. Kiota. Tisa, mpaka kidole kikauma. Kiota kilekile, ungesema shomoro kashataga. Hapo nikatumia akili ya umeme: swichi ukiiwasha na kuizima na taa isishtuke, swichi imekufa. Na hitilafu iko pale inapotoka moshi. Moshi ulikuwa unatoka chini. Kwa hiyo mkosaji ni bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini.

Nikaichomoa nyumba ya bobini. Ubavuni ina kijibati chembamba kinachobana uzi, na juu ya kijibati kuna skrubu ndogo, ndogo kweli, saizi ya punje ya mtama. Mafundi huizungusha robo tu, tena kwa kushika pumzi. Mimi nilichomoa testa mfukoni nikaikaza duru nzima. Uzi wa chini ukakatika, tap! Basi nikalegeza. Duru moja, mbili, mbili na nusu. Nikajaribu tena, na hapo, ndugu zangu, nikaona muujiza: juu na chini sawa! Uzi wa juu umelegea, wa chini umelegea, hakuna anayemvuta mwenzake, amani tupu. Elias Howe alisajili cherehani yake ya nyuzi mbili kule Marekani mwaka 1846, na kazi yote ya mashine ile ni nyuzi hizo kuvutana mpaka zikutane katikati ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimezipatanisha.

Sikuuvuta kuupima. Nani anavuta mshono wake mwenyewe ukishapendeza?

Nikashona suruali ya mjomba kuanzia mkanda kwenda chini, moja kwa moja, bila hata kurudi nyuma kidogo kufunga mwanzo wala mwisho, nikaacha na mkia wa uzi ukining'inia kwa sababu mkasi sikuuona. Karibu na mwisho nilisikia chini ya meza kitu kama chozi la chuma likidondoka, tik. Kuku wa Bibi mwenye shingo tupu, yule aitwaye Mpekuzi kwa tabia zake, alikuwa anazunguka miguuni pangu. Nikamfukuza. Naye akaondoka haraka haraka, kama mtu aliyekwisha pata alichokifuata.

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri. Mjomba alikaa mkekani mbele kabisa, kakunja miguu, kifua mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake, watu watatu hivi, na nilikuwa na nafasi nzuri ya kuitazama kazi yangu. Wakati wa hotuba mshono ulikuwa umenyamaza. Wakati wa ijabu na kabuli ukaanza kutabasamu. Ilipoletwa sinia ya pilau na mjomba akainama kuchota nyama, ukacheka waziwazi, kama kiatu cha mwanafunzi mwezi wa Novemba. Nikaacha kula. Nikajaribu kumpa ishara. Akadhani naomba ndizi, akanirushia.

Bado ilikuwa salama. Angenyanyuka taratibu, angejishika nyuma kama mtu mwenye kiuno, tungefika nyumbani. Lakini kulikuwa na kitoto, kama miaka minne, kimekaa mgongoni pake, na mbele ya macho yake unaning'inia mkia wa uzi mweusi.

"Babu, una uzi," kikasema, kwa adabu kabisa.

"Utoe, mjukuu wangu," akasema mjomba, mdomo umejaa.

Kikavuta. Uzi ukaja. Kikaona unakuja, kikasimama. Kikarudi nyuma hatua moja, uzi unakuja. Hatua ya pili, unakuja tu, laini, bila kukwama popote, kama kamba inayotoka kwenye ngalawa. Kilipofika mlangoni kilikuwa kimeshika uzi wote wa chini, mzima, na suruali ya mshenga ilikuwa vipande viwili vinavyoheshimiana kwa mbali. Ndani alikuwa na bukta ya kijani na njano. Na mjomba ni Simba, Simba wa kugombana na watu vijiweni! Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kutoka upande wa wanawake ikaruka kanga. Mjomba akaidaka, akajifunga kiunoni, akasimama na heshima yake yote, akageuka kwenda kuaga wazee. Hapo ndipo ukumbi mzima uliposoma maandishi yaliyokaa sawasawa makalioni: MFICHA UCHI HAZAI.

Shehe aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na sidhani kama alikuwa akilia.

Bibi alirudi Jumamosi mchana. Nikamwahi mlangoni: "Shikamoo, mke wangu." Hakuitikia. Habari ilikuwa imefika Pangani kabla yeye hajapanda basi.

"Suruali iko wapi?"

Nikampa. Hakuuliza kitu. Alitazama matundu ya sindano, akapitisha ukucha kwenye uzi wa juu uliobaki, akaenda akakaa kwenye kiti chake, akaushika uzi karibu na sindano na kuuvuta kwa vidole viwili. Ukaja bila ubishi.

"Ulitunga mguu ukiwa chini."

"Mguu gani?"

Akauinua ule mguu mdogo. "Njoo hapa. Chungulia." Nikainama. Mguu ukiwa juu, vile visahani vinaachana, pana nafasi ya uzi kulala katikati. Akaushusha: vikabana. Akainua, vikaachia. Akashusha. Mimi nilikuwa nimetunga mlango ukiwa umefungwa, uzi ukapita ukingoni, nje, na namba tisa zote nilizozungusha zilikuwa zinabana hewa.

"Wa juu anazurura nje ya nyumba," akasema Bibi, "wewe unakwenda kumpiga wa chini. Lete nyumba ya bobini."

Nikampa huku nimeangalia bati. Kukawa kimya.

"Skrubu?"

Tulifagia baraza mara mbili. Nilifungua spika mbovu nikatoa sumaku, nikaifunga kamba, nikaiburuta uani kama mbuzi. Nikapata sindano nne, misumari ya bati, visoda, na kufuli la sanduku ambalo Bibi alimsingizia dada yake kwa miaka. Skrubu hakuna. Nilipochoka nikakumbuka ile tik, nikamsimulia. Bibi akageuka kumtazama Mpekuzi. Mpekuzi alikuwa amesimama juu ya kinu, anatazama pembeni.

"Huyu mwaka juzi alimeza shanga yangu," akasema Bibi, na akaniomba kisu.

Firigisi alipasua mwenyewe, juu ya ungo. Mchanga, mtama, kipande cha kigae, na katikati yake, inang'aa kuliko nilivyoiacha, skrubu. Akaiosha, akaifuta kwa pindo la kanga, akaikaza kwa ncha ya kisu kilekile. Kisha akaining'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake mwenyewe, kama buibui. Ikatulia. Akatikisa mkono kidogo: ikashuka upana wa kidole, ikasimama. Akachukua suruali. Mshono wa nyuma alioushona haukuchukua dakika tatu, na nilipoujaribu kuuchana kwa mikono miwili, kitambaa ndicho kilicholia.

Usiku tulikula wali na mchuzi wa Mpekuzi. Mjomba alikuwepo, amevaa kanzu, hataki mazungumzo. Firigisi ilikuwa juu ya wali, nami kwa kuwa kwetu firigisi ni ya mume wa nyumba, nikapeleka mkono. Bibi akanipiga kofi la vidole, akaiweka kwenye sahani ya mjomba.

"Na mimi mumeo?"

Akakoroga bakuli, akatafuta, akanipa mguu wa kuku wenye kucha zake zote.

"Chukua huo," akasema. "Lakini uinue kwanza."