Lugha ya Mama na Lugha ya Dola: Mtoto wa Kihungaria Asome kwa Ipi?

Mkataba wa Trianon, mkataba wa amani wa Hungaria baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliotiwa saini tarehe 4 Juni 1920, uliiachia Hungaria takribani theluthi moja tu ya ardhi ya ufalme wake wa zamani, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba zao. Wajukuu na vitukuu wao wanaishi leo Transylvania nchini Romania, kusini mwa Slovakia, Vojvodina nchini Serbia na Zakarpattia nchini Ukraine. Nchini Romania, sensa ya 2011 iliwahesabu kiasi cha milioni 1.2, na ile ya 2021 ikawakuta milioni moja hivi. Jamii inayopungua kwa kasi hiyo haiwezi kulichukulia suala la lugha ya kufundishia kama jambo la ratiba za shule tu.

Hoja ya serikali za nchi hizo, kwamba mtoto asome kwa lugha ya dola, ina uzito wake. Mtoto aliyekulia Harghita au Covasna, mikoa ya Romania ambayo Wahungaria ndio wengi, hukihitaji Kiromania kwa nadra dukani, kanisani au uwanjani, hivyo anaweza kumaliza shule akikijua kwa kubahatisha. Siku atakapotafuta kazi Bucharest au kusimama mbele ya hakimu, upungufu huo utamgharimu yeye mwenyewe, si viongozi waliomtetea. Ukraine iliitumia hoja ya namna hiyo ilipopitisha sheria ya elimu ya 2017, ambayo kifungu chake cha 7 kilipunguza sana matumizi ya lugha za walio wachache baada ya shule ya msingi. Nchi iliyokuwa tayari vitani ilikuwa na sababu ya kutaka raia wake waelewane.

Lakini mji wa Oberwart, mashariki mwa Austria, unaonyesha kwamba lugha inaweza kufa bila kupigwa marufuku. Wakulima wa huko walizungumza Kihungaria kwa karne nyingi. Viwanda na ajira za mshahara vilipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili, Kijerumani kikawa lugha ya kazi, na Kihungaria kikabaki na harufu ya zizi. Utafiti uliofanywa mjini humo katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba wasichana ndio waliotangulia kukiacha, kwa kuwa hawakutaka kuolewa na wakulima na kurithi kazi ngumu za mama zao. Kila mmoja aliamua kwa busara ya maisha yake, na jumla ya maamuzi hayo ikawa kizazi kisichozungumza na bibi zake kwa lugha yao. Shule inayofundisha kwa Kihungaria hadi sekondari humwonyesha kijana kwamba lugha ya nyumbani inabeba pia fizikia na historia. Kuiondoa ni kuusukuma mlango ambao tayari unajifunga.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimegombania lugha ya kufundishia na kuupa kisogo ufundishaji wenyewe. Kwa miaka mingi mtoto wa Kihungaria nchini Romania alifundishwa Kiromania kana kwamba alizaliwa nacho: alichambua mashairi ya kale kabla hajaweza kuuliza njia. Sheria ya elimu ya 2011 ndiyo iliyofungua njia ya mtaala maalumu kwa wanafunzi kama hao. Asiyefundishwa lugha kama lugha ya pili hawezi kulaumiwa kwa kutoijua, sembuse kushukiwa kuwa si mzalendo.

Shaka hiyo, hata hivyo, Budapest, yaani serikali ya Hungaria, nayo imeichochea. Mwaka 2010 Bunge la Hungaria liliwarahisishia Wahungaria wa nje kupata uraia bila kuhamia nchini humo, na Slovakia ikajibu kwa sheria ya kumvua uraia anayejitakia wa nchi nyingine. Kwa wazee wengi pasipoti ile ilikuwa faraja ya kweli, nami siwezi kuibeza. Ila iliwapa wapinzani wa shule za Kihungaria nafasi ya kuisoma lugha kama dai la mpaka, na anayelipa gharama ya tafsiri hiyo ni mtoto aliye darasani.

Desemba 2023 Ukraine, ikiwa imeelekeza macho Umoja wa Ulaya, ilirekebisha sheria zake: shule za jamii zenye lugha rasmi ya Umoja huo, Kihungaria kikiwemo, ziliruhusiwa kufundisha kwa lugha hizo, huku masomo kama lugha na historia ya Ukraine yakibaki kwa lugha ya taifa. Ni mgawanyo wa haki. Kinachotakiwa sasa katika shule za Berehove, mji wa Zakarpattia wenye Wahungaria wengi, ni walimu wa Kiukreni waliosomea kukifundisha kwa mtoto ambaye hajawahi kukisikia jikoni kwao, pamoja na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake.