Ugonjwa Nao Uundiwe Kamati

Mwaka 2022 ukoo wetu ulikuwa na makundi mawili ya WhatsApp kwa wakati mmoja. Moja lilikuwa la harusi ya binamu yetu. Lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila jioni orodha ya ahadi ilipandishwa upya, nani kamaliza, nani bado. Jingine liliitwa "Tumuombee Mama". Hilo lilifunguliwa siku mama mdogo, ndugu yake mama yangu, alipogundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Halikuwa na kiongozi, wala orodha.

Wiki ya kwanza kundi la mama mdogo lilikusanya shilingi 1,140,000. Watu walitoa kwa moyo, na wengine najua walikopa ili watoe. Wiki ya tatu zikaja 15,000. Kufikia wiki ya tano ilikuwa ni alama za mikono ya dua tu. Simsimangi mtu. Mimi mwenyewe nilituma 50,000 siku ya pili, nikajiona nimemaliza wajibu wangu.

Wakati huohuo binamu alikuwa akikumbushwa, akibembelezwa, akichangiwa awamu kwa awamu, mpaka ukumbi ukalipwa wote. Nilifurahi naye, na nilicheza siku ya harusi. Ila tangu hapo nina jambo moja ninalolisema kila nikikaa na ndugu: tunajua kuchangishana, tena tunajua sana. Harusi tunaundia kamati, msiba tunaundia kamati. Ugonjwa, ambao ndio unaofilisi nyumba, tunauachia nyumba moja.

Mama mdogo anaishi Kilolo, mkoani Iringa. Alipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ambaye hajauguza saratani anadhani gharama ni dawa. Mionzi ya nje hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa saratani ile ni kama wiki tano, mara nyingi na dripu ya kemotherapia mara moja kwa wiki, halafu inafuata mionzi ya ndani. Kupigwa kwenyewe ni dakika chache, lakini siku nzima inakuwa imekwenda. Alifikia Kimara kwa kaka yangu, akiwa na binti yake. Kila asubuhi walipanda mwendokasi mpaka Kivukoni, kisha wakasogea taratibu kuelekea baharini. Hesabu mwenyewe: watu wawili, kwenda na kurudi, siku 25. Ni nauli 100. Hapo sijagusa siku ambazo miguu ilikataa, ikabidi bajaji.

Yule binti ana genge la mboga Ipogolo, Iringa mjini. Alilifunga siku waliyopanda basi, na tangu siku hiyo hakuingiza hata mia. Katika kundi lote, mtu aliyeuliza "genge limekuaje?" hakuwepo. Tulikuwa tukimuuliza "mgonjwa anaendeleaje?", yeye anajibu, tunashukuru, tunalala.

Nilikuja kuujua ukweli kwenye daftari. Nilikwenda Kimara Jumapili moja, akaenda kumwogesha mama yake, daftari likabaki juu ya kochi. Lilikuwa la jalada gumu, kona zimeloa mafuta ya taa. Kila siku ameipigia mstari: nauli 3,000. Machungwa 1,000. Vocha 500. Bajaji 8,000. Pedi 2,500. Hiyo pedi ilijirudia kila baada ya siku mbili. Mgonjwa wa saratani ile anatokwa na damu, na binti hawezi kuliandika hilo kwenye kundi lenye wajomba na mashemeji zaidi ya sitini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili: "Kikoba wiki 4 sijapeleka." Chini yake: "Kausha damu 300,000."

Anayeishi nchi hii anaujua mkopo wa kausha damu. Binti alikuwa amekopa kwa riba ya wiki ili mama yake asikose mionzi, huku ndugu tukituma dua na kuamini mambo yanakwenda.

Nilimpigia shangazi usiku uleule. Yeye hana maneno mengi. Alisema, "Harusi imeisha, kamati ihamie huku." Kesho yake tulikuwa watu wanne wenye kazi. Mmoja mweka hazina. Mmoja wa makaratasi: alifuatilia barua ya serikali ya kijiji, akaipeleka ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, wakamsikiliza na gharama nyingine zikapunguzwa. (Hili wengi wetu hatulijui mpaka deni limeshafika shingoni. Ulizia ustawi wa jamii siku ya kwanza, usingoje siku ya kutolewa.) Wa tatu alibaki Kilolo kuangalia kuku, mahindi na wajukuu. Mimi nikapewa simu: kila anayetaka habari ananiuliza mimi, ili binti asisimulie kitu kilekile mara ishirini kwa siku huku amemshikia mama yake beseni.

Na pesa tukaacha kuitana kwa mkupuo. Watu 22 walikubali kutoa 5,000 kila Ijumaa. Ni 110,000 kwa wiki. Ilitosha nauli, bajaji, matunda, kifurushi cha binti ambacho hakuna aliyekiuliza matumizi yake, na marejesho ya kikoba. Nasisitiza hilo la kikoba. Ukimlipia muuguzaji hisa zake, umemwachia mahali pa kurudia mgonjwa akipona, au akifariki.

Tulimkumbuka na wifi wa Kimara. Mwenyeji husahaulika kuliko wote. Alikuwa ameongeza watu wawili mezani, maji ya kuoga ya moto mara tatu, LUKU inayoisha kabla ya wakati. Shangazi alimtumia gunia la mchele bila kumuuliza chochote. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, na mimi naongeza kwamba hata muuguzaji haulizwi. "Mkihitaji chochote tuambieni" ni maneno mazuri yanayomrudishia mzigo yuleyule aliyechoka: aombe, aone haya, aeleze.

Nimeambiwa harusi ina tarehe, ugonjwa hauna, ndiyo maana watu huchoka. Ni kweli kabisa. Lakini ndiyo sababu ya kutoa kidogo kidogo na kwa zamu, badala ya kumaliza nguvu zote wiki ya kwanza. Ukoo unaotoa kwa mkupuo ndio unaoishia kuuza shamba. Tuna baba mkubwa aliyeuza ekari mbili kwa bei ya kutupa babu alipolazwa, kwa hofu ya siku tatu za mwanzo. Babu alifariki, na shamba halikurudi. Kwangu mimi shamba ni la mwisho kabisa kutajwa, na lisitajwe mbele ya mgonjwa.

Kuhusu bima, kata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kila nyumba yenye uwezo ijiunge kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Lakini kadi ya bima haifungui genge lililofungwa, na hainunui LUKU ya Kimara.

Mama mdogo alimaliza mionzi, akarudi Kilolo, na anahudhuria kliniki. Ukurasa wa mwisho wa safari ile umeandikwa "nauli ya nyumbani, watu 2", umepigiwa mistari miwili chini. Kausha damu ilituchukua miezi saba kuimaliza.

Sasa hivi ni shemeji yetu, figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara ni kukaa kwenye mashine kama saa nne. Huyu hana siku ya 25 wala ya mwisho. Kamati ni ileile, shangazi ndiye mwenyekiti, na kiwango ni kilekile cha 5,000. Dada yangu amerudi kazini kwake siku mbili kwa wiki, kwa sababu kuna watu wa kumsindikiza mumewe. Ijumaa hii zamu ni yangu. Natakiwa niwe getini kwao saa kumi na moja na nusu alfajiri, na nimeambiwa nibebe shuka, kwani akiwa kwenye mashine husikia baridi.