Maumivu ya endometriosisi: kusubiri kamera au kuanza tiba kwa dalili?

Neno "chango" limebebeshwa mengi. Mama akisema binti yake ana chango, huenda anazungumzia maumivu ya hedhi yanayoisha siku ya pili. Huenda pia anazungumzia yale yanayomlaza binti kila mwezi, yanayomfuata chooni, yanayoumiza wakati wa tendo la ndoa, na ambayo baada ya miaka kadhaa hayasubiri tena tarehe. Haya ya pili ndiyo yanayopaswa kumfanya daktari afikirie endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko, kwenye utumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu. Hapa kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ni miongoni mwa waliousema hadharani.

Kwa muda mrefu uthibitisho ulikuwa mmoja: laparoskopi, upasuaji wa matundu madogo unaoingiza kamera tumboni. Mwaka 2022 mwongozo wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, uliacha kuihesabu laparoskopi kuwa kigezo cha lazima na kukubali tiba ianze kwa dalili. Swali ni kama njia hiyo inafaa Dar es Salaam.

Hoja ya kuanza mapema ina uzito mkubwa hapa. Laparoskopi haifanyiki katika kituo cha afya cha kata. Inataka hospitali kubwa, daktari aliyeizoea na fedha. Dawa za homoni zinazopunguza maumivu haya, kwa upande mwingine, zimo tayari katika vyumba vya uzazi wa mpango vya vituo vya umma, na hutolewa bure. Tena kusubiri kuna gharama yake mwilini. Maumivu yanayojirudia miaka mingi huzoesha mishipa ya fahamu na uti wa mgongo kupiga kengele hata kwa jambo dogo, kama kibofu kujaa au choo kupita. Ikifikia hapo, hata tishu iliyoota ikiondolewa, kengele inaweza kuendelea kulia.

Hoja ya kusubiri nayo si ya kupuuza. Maumivu ya nyonga, yaani sehemu ya chini ya tumbo, yana vyanzo vingi: maambukizi ya via vya uzazi, kifua kikuu cha nyonga, uvimbe wa ovari. Homoni zinaweza kutuliza dalili huku tatizo jingine likiendelea. Na mwanamke anayetafuta mtoto hawezi kupewa dawa inayozuia mimba kisha akaambiwa avumilie.

Lakini tuseme ukweli: tiba kwa dalili inafanyika kila siku, ila kwa ugonjwa usio huo. Binti anaambiwa ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au PID (maambukizi ya via vya uzazi), anapewa antibiotiki, mwezi unaofuata anarudi na kupewa nyingine. Kama dozi mbili kamili hazijabadilisha kitu, mkojo ukipimwa maabara hauoteshi vijidudu na maumivu yanakwenda na hedhi, dozi ya tatu haina kazi. Altrasaundi safi nayo isimfunge mtu mdomo. Ile ya juu ya tumbo, ya kunywa maji hadi kibofu kijae, huweza kuonyesha uvimbe mkubwa wa ovari, lakini mabaka madogo yaliyotapakaa kwenye utando wa tumbo haiyaoni.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kuanza, lakini baada ya kupimwa mimba, maambukizi na altrasaundi, na kwa muda uliowekwa: miezi 3, huku mgonjwa akiandika kila siku alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, siku za damu na dawa alizomeza.

Dawa za maumivu mara nyingi hushindwa kwa sababu ya namna zinavyotumiwa. Ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali zinazoubana mfuko wa uzazi. Ukiimeza zikiwa zimeshajaa umechelewa. Ianze siku moja kabla ya hedhi au dalili ya kwanza inapotokea, miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya kula, kwa siku 2 au 3. Anayetoka Kimara alfajiri na kumeza kidonge ndani ya basi la mwendokasi akiwa na tumbo tupu anajitafutia vidonda vya tumbo. Parasetamoli inaweza kuongezwa, gramu 1, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki, ambayo ni ya jamii moja na ibuprofeni, haiongezwi juu yake, na vile vidonge vya mchanganyiko vya famasi mara nyingi tayari vina diklofenaki na parasetamoli pamoja, kwa hiyo soma pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu inayochochewa na dawa hizi aseme kabla.

Kwenye homoni kosa kubwa ni kuacha mapema. Vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vinafaa zaidi vikimezwa mfululizo: pakiti ikifika kwenye vile 7 vya kahawia, vinarukwa na pakiti mpya inaanzwa. Mwenye shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, au kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimweko, asipewe hivyo. Apewe vyenye homoni moja tu, projestini. Sindano ya miezi mitatu inasaidia, ila uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi 10 au zaidi kurudi, na anayepanga mtoto karibuni lazima aambiwe. Kitanzi cha homoni kinatuliza. Cha shaba kinaweza kuongeza damu na maumivu, na watu wengi huviita vyote kitanzi. Matone ya damu katika miezi ya kwanza ni ya kawaida, lakini asiyeambiwa huogopa na kuacha.

Maumivu yanapokuwa ya kila siku, upasuaji peke yake hautoshi. Amitriptilini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo, nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku, huwasaidia baadhi, ingawa ushahidi wake si mzito na inaleta usingizi na choo kigumu. Hapa haitolewi kwa sababu mtu anadhaniwa ana tatizo la akili. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yanaweza kuzidisha maumivu, maana misuli hiyo imeshakaza. Kinachotakiwa ni kuilegeza, kulala chali magoti yamekunjwa na kupumua kwa tumbo dakika 5 hadi 10. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 au 20, inasaidia hata katika joto la Januari.

Na ule ushauri wa "zaa utapona" uachwe. Mimba inaweza kutuliza dalili kwa muda, lakini si tiba, na haimfai asiye tayari.

Laparoskopi ibaki kwa wanaoihitaji kweli: ambao miezi 3 haikubadilisha chochote, wenye uvimbe mkubwa wa ovari, wanaotafuta mtoto bila mafanikio, na wenye dalili za utumbo au mirija ya mkojo kubanwa. Waelezwe mapema kwamba ugonjwa huweza kurudi, na kwamba hata kuondoa mfuko wa uzazi hakuhakikishi maumivu kwisha. Mwenye homa, anayezimia, anayetapika huku tumbo limekaza, au mwenye maumivu makali na hedhi iliyochelewa asihesabu miezi yoyote. Aende dharura siku hiyohiyo.