Mguu unaoteguka kila mara, mara nyingi pia umekakamaa

Hili jambo limenikaa rohoni muda sasa, wacha niliseme. Hapa Mombasa mtu akitegua kifundo cha mguu mambo huwa ni yaleyale, barafu kama iko, kukandwa na mafuta ya nazi na maji moto ya chumvi, bandeji, wiki mbili za kuchechemea halafu huyo uwanjani. Akiteguka tena anaambiwa anunue ankleti, ile soksi ya kubana kifundo. Mara ya tatu anaambiwa mguu ushakuwa mbovu, aache mpira. Na muda wote huo hakuna hata mtu mmoja alomwambia asimame mbele ya ukuta, apeleke goti mbele, aone kisigino kinainukia wapi.

Mimi yamenipata. Wa kushoto niliutegua mara ya kwanza 2021 kule Kisauni, tunacheza jioni, nikaruka kupiga kichwa nikatua juu ya mguu wa mtu. Nikakandwa, uvimbe ukashuka, nikarudi. Baada ya hapo ukawa wageuka wenyewe tu, mara kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, mara nikishuka matatu Kongowea, hadi siku moja Likoni, maji yamepwa ile rampu ya feri imekuwa mteremko mkali, umati unasukuma kutoka nyuma, kifundo kikapinduka nikashika bega la mama wa watu nisianguke. Nilimuomba radhi, lakini moyoni niliogopa kweli, manake hapo hakuna mpira, ni kutembea tu.

Hapo ndo nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Hakuanza kwa kuushika mguu, alinambia tu chuchumaa. Nikachuchumaa, kisigino cha kulia kimebaki chini, cha kushoto kiko juu. Nikakumbuka nyumbani choo chetu ni cha kuchuchumaa na kwa muda mrefu nilikuwa naegemea upande mmoja bila kujitambua.

Kile alonieleza ndo nataka kila kocha wa mtaa akijue. Ndani ya kifundo kuna mfupa unaitwa talasi, umeshikwa katikati na mifupa miwili ya muundi, na umbo lake ni kama kabari, mbele mpana nyuma mwembamba. Ukikunja mguu, yani goti likienda mbele ya vidole kisigino kikiwa chini, ule upana wa mbele unaingia katikati ya ile mifupa miwili na kifundo kinakaza. Ukinyoosha vidole chini, ni ule wembamba ndo uko ndani na kifundo kinalegea. Sasa mguu usiokunjika vizuri haufiki pale pa kukaza, kila hatua na kila ukitua unabaki kwenye ile hali ya kulegea, na kano za upande wa nje zishavutika tangu siku ya kwanza. Kwa hivo mguu mmoja unakuwa legevu upande na umekakamaa mbele kwa wakati mmoja. Sisi tunaona ulegevu peke yake, tunaufunga bandeji, na tukiufunga unazidi kukakamaa.

Kupima ni rahisi mno. Vua kiatu, simama mbele ya ukuta, peleka goti liguse ukuta kisigino kisiinuke hata kidogo. Ukigusa, rudisha mguu nyuma kidogo ujaribu tena, mpaka pale pa mwisho unapoweza. Chukua tepu ya fundi nguo upime kutoka kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita moja ni kama digrii 3.6 za kukunjika. Mimi kulia ilikuwa 11, kushoto 5. Jamani, sita zimepotea na nilikuwa nakimbia nao!

Mazoezi yenyewe hayana siri. Goti ukutani, polepole, mara 10 hadi 15, unapumzika unarudia. Kuvuta shavu la mguu kwa namna mbili, goti limenyooka kisha goti limekunjwa, kwa sababu msuli wa juu na ule ulio chini yake haivutiki kwa mkao mmoja. Kisha lile nilolipenda zaidi, unafunga kipande cha tyubu ya baiskeli mbele ya kifundo, chini kabisa ya mifupa ya muundi, kinavuta nyuma wakati wewe wapeleka goti mbele, ili talasi irudi nyuma inavotakiwa. Wazo hilo la kusukuma kiungo huku mtu mwenyewe anakisogeza lilienezwa na fizio wa New Zealand, Brian Mulligan. Unatakiwa usikie unavutika nyuma ya mguu, ukisikia kinabana kwa mbele mpaka kinauma, wacha, muone mtu anayejua.

Sisemi kukanda ni ubaya. Nyanya zetu wanajua mikono yao na uvimbe unashuka kweli. Lakini ukilala unakandwa mguu haujifunzi kukunjika na uzito wa mwili juu yake, na maisha yote tunaishi na uzito juu yake. Hiyo habari ya kukimbia mchangani ndo dawa ya kifundo pia siikubali, si mwanzoni, mchanga unageuka chini yako na mguu wenyewe bado haujajua ulipo.

Na kukunja peke yake hakutoshi, hapa wengi wanakosea upande wa pili. Ukishafungua mguu lazima uufundishe, simama mguu mmoja ukipiga mswaki, baadaye fumba macho, tia nguvu misuli ya upande wa nje wa muundi. Wako pia watu kifundo chao hakijakakamaa kabisa, kimelegea tu, hao kuvuta hakuwasaidii, wao ni nguvu na kusimama sawasawa. Ndo maana napiga kelele kuhusu kupima kwanza.

Kwa wanaoswali, kile kikao cha tahiyatu, mguu wa kushoto umelazwa chini yako, kinavuta kano zilezile zilizoumia. Mimi nilihamia kwenye kiti miezi mingi na ikiniuma roho. Fizio alinambia nirudi taratibu, na mto chini ya kifundo, na nimerudi alhamdulillahi.

Kama umeumia leo na huwezi kupiga hatua 4, au mfupa wenyewe ukibonyezwa wauma, usisome haya, nenda eksirei kwanza. Lakini kama ni mguu wa miaka, na hadi watu 4 kati ya 10 wanaotegua mara ya kwanza hubaki na matatizo haya, basi ukuta unao. Wangu sasa uko 9 na nusu, nafanya kila siku baada ya alfajiri kabla sijanywa chai, na ile alama ya penseli ya sentimita 5 bado iko sakafuni.