Kwamba kila mtu ana bei, mimi nakataa

Kuna msemo naukuta kila kona hapa Dodoma siku hizi, kwenye daladala, kijiweni, mpaka kwenye vikao vya harusi: kila mtu ana bei yake. Mtu anausema kwa kujiamini kabisa utadhani ameshazunguka dunia nzima akatupima wote. Mimi siukubali, na unaniuma, maana unatuharibia vijana, kijana hata hajakutana na rushwa ya kwanza tayari moyoni ameshaipokea.

Mjadala wenyewe ni wa zamani mno. Plato, yule mwanafalsafa Mgiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita ameeleza kisa cha mchungaji wa Lydia, sehemu ambayo leo iko Uturuki. Jamaa alikuwa anachunga, ikapiga mvua kubwa na tetemeko, ardhi ikapasuka, akashuka humo akakuta pete ya dhahabu, akaja kugundua akiigeuza jiwe likaelekea kiganjani haonekani. Basi akaenda kwa mfalme, akalala na malkia, akamuua mfalme mwenyewe na kuchukua ufalme. Glaucon, ambaye ndani ya kitabu cha Plato ndiye anayesimulia kisa hicho, anatoa hoja kwamba mpe pete hiyo mtu mwema na mtu mbaya, wote wataishia njia moja.

Sasa jamani pete hizo, yaani nafasi za kudhulumu bila kuonekana, mbona tunazo. Nenda sokoni uangalie makopo ya kupimia, kuna yaliyogongwa kitako kikaingia ndani, maharage yanajaa chap, yanasimama kilima unafurahi, kumbe chini umepunjwa. Kuna lumbesa, gunia linajazwa mpaka linapita mdomo halafu linashonewa kamba juu kama kofia, na mkulima anapokea bei ya gunia moja kwa sababu ada ya mtoto haisubiri. Na viwanja ndo usiseme, tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli kweli, ardhi imepanda thamani na kiwanja kimoja unaweza kukuta kimeuzwa kwa familia mbili.

Lakini kuna mama nanunuaga karanga kwake pale Majengo. Kabla hajapima anageuza kopo juu chini, analigonga kwenye kiganja vumbi litoke, unaona kitako kimenyooka, anajaza, halafu anaongeza kiganja kimoja juu. Hilo wengi wanafanya kuvuta wateja, sawa. Nilichokiangalia mimi ni siku kaja mtoto mdogo katumwa, wale ambao pesa wameikunja ngumini imelowa jasho, hajui kopo limejaa au halijajaa, hawezi kulalamika, nyumbani hakuna atakayepima tena. Yule mtoto ndo ile pete yenyewe. Mama akampimia vilevile, kiganja cha juu vilevile, akamfungia na chenji kwenye fundo la mfuko ili isidondoke, akaendelea na stori zake na jirani.

Kwa hiyo Glaucon hapo anajibiwa. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba hakusita, yaani hakupigana na nafsi kwanza. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu tena na tena mpaka unakaa mwilini, na kwamba mbayuwayu mmoja hafanyi majira ya kuchipua, huku kwetu tungesema mvua moja ya Desemba sio msimu, mkulima yeyote wa Kongwa au Bahi anajua ukipanda kwa kuiamini hiyo moja jua litakuchomea mbegu.

Halafu furaha. Watu wanamsingizia Epicurus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, kwamba alifundisha anasa, wakati alikuwa anaridhika na mkate na maji tu na marafiki bustanini kwake Athens. Huyu anasema anayedhulumu kwa siri hawezi kuwa na uhakika kwamba hatajulikana, hata kama ameshapona mara elfu kumi, mpaka anakufa hana uhakika. Ukitaka kuona alichomaanisha mwangalie aliyeuza kiwanja mara mbili simu yake ikiita namba ngeni.

Najua nitaambiwa njaa haina adabu. Kweli, na huku Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, tunaijua njaa kuliko wengi. Ile ya Mtunya, 1917 mpaka 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia yalishachukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, watu wakafa wengi sana. Aliyeiba debe la uwele mwaka ule simhukumu, nani nimhukumu. Ila huyu wa viwanja hana njaa, ana gari na nyumba ina geti, na mama wa karanga ana kodi ya chumba na watoto shuleni. Ingekuwa shida ndo inayouza utu wa mtu, basi kopo la kugongwa tungelikuta kwa huyu mama.