Umeme wa jua kutoka angani: swichi atashika nani?

Kila nikilitaja hili suala la kuvuna umeme wa jua huko angani na kuuleta chini bila waya, watu barazani wananambia hayo ya wakubwa, sisi tuombe huu tulionao usikatike. Mimi naona kinyume kabisa. Watu wa Unguja na Pemba ndo tunaotakiwa tulifatilie hili jambo kuliko wengi, mana umeme wetu karibu wote unapita kwenye waya ulolazwa chini ya bahari, na mtu anaeishi hivyo anajua suali la kuuliza, swichi ya umeme huo iko mkononi mwa nani, ambalo mhandisi wa California pengine halijampitia kichwani.

Lenyewe liko hivi. Mwaka 1968 mhandisi wa Marekani, Peter Glaser, alitoa wazo la kuweka paneli kubwa za sola juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, pale ambapo setilaiti inakwenda sambamba na dunia mpaka ukiitazama unaiona imesimama pahala pamoja. Kule juu hakuna wingu wala masika, na usiku wake ni mdogo mno, setilaiti inaingia kwenye kivuli cha dunia kwa siku muda usiozidi saa moja na kidogo hivi, tena kwa wiki kama sita tu karibu na Machi na nyengine kama hizo karibu na Septemba. Umeme unaovunwa unageuzwa mawimbi ya maikrowevu, yanarushwa chini, na antena pana sana iliyotandazwa ardhini inayapokea na kuyageuza tena kuwa umeme. Jua la kule ni kama wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, saa 24. Hapa kwetu saa sita ya mchana mbingu ikiwa nyeupe tunapata kama wati 1,000, lakini ukihesabu usiku na mawingu, kwa siku nzima tunabaki na kama sehemu moja ya sita ya lile la juu. Mtu aliewahi kuanika karafuu Pemba wakati wa vuli hana haja ya kuelezwa hili, unatandaza majamvi asubuhi jua linawaka, kabla ya adhuhuri mko mbioni mnakusanya.

Miaka mingi wazo lilibaki kwenye makaratasi. Si kwamba fizikia ilishindikana, mana mwaka 1975 kule Goldstone, California, walisharusha zaidi ya kilowati 30 hewani masafa ya kilomita moja na nusu. Tatizo lilikuwa roketi. Wakati wa Space Shuttle, vile vyombo vya zamani vya Wamarekani vya kwenda angani, kupandisha kilo moja ilikuwa zaidi ya dola 50,000, na hapa tunazungumzia kupandisha maelfu ya tani. Sasaivi Falcon Heavy, roketi ya kampuni ya SpaceX, imeishusha bei hiyo mpaka kama dola 1,500 kwa kilo, na ndo mana miaka hii michache mambo yameanza kuchangamka.

Lililonifurahisha zaidi mimi ni la Caltech, chuo cha teknolojia cha California. Januari 2023 walirusha chombo chao cha majaribio, ndani yake kina kifaa kinaitwa MAPLE, na kifaa hicho kikarusha umeme bila waya hukohuko angani kikawasha taa mbili ndogo za LED, alafu mwezi wa Mei wakaelekeza boriti yake, yaani ule mwale wa mawimbi yanayobeba umeme, chini na ikanaswa juu ya paa la maabara yao Pasadena. Ni kiasi kidogo mno, hakichaji hata simu, lakini ilikuwa mara ya kwanza na wallahi mimi niliisoma habari ile mara mbili mbili. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, ikatumia leza kupeleka wati zaidi ya 800 masafa ya kilomita 8.6 kwa sekunde 30, hiyo ni ardhini kwa ardhini lakini masafa yake si mchezo, na sehemu ya umeme ule wakakaangia bisi. Wajapani wana mpango wa kisetilaiti cha kilo 180 kitakachotuma kama kilowati moja kutoka kilomita 400, na Wachina wamejenga mnara wa mita 75 Xi'an kwa majaribio hayahaya na wanazungumzia kutandaza paneli zenye upana wa kilomita nzima.

Kuhusu hofu ya watu kuungua na ndege kudondoka, mifano mingi iliyochorwa inaweka nguvu ya boriti katikati ya antena kama wati 230 kwa mita ya mraba, yaani kama robo ya jua la saa sita. Ichunguzwe, isimamiwe, lakini si moto unaoshuka kutoka mbinguni.

Bei ndo bado nzito. Ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya Januari 2024 ilikadiria yuniti moja ya umeme huo itagharimu baina ya dola 0.61 na dola 1.59, yaani hata ile ya chini kabisa ni kama shilingi 1,500 na zaidi, wakati sola ya ardhini haifiki hata senti 5 za dola. Ripoti hiyohiyo inasema roketi zikishuka bei zaidi na vifaa vikidumu zaidi inaweza kuteremka chini ya senti 10. Mimi naamini itateremka, ila si kesho. Kwa taa, pampu ya kisima na friji la samaki, paneli ya juu ya bati na betri inashinda leo na itaendelea kushinda, wale kina mama wanaosomeshwa ufundi wa sola pale Kinyasini wanatusaidia sasaivi kuliko setilaiti yoyote. Ya angani thamani yake ni umeme mkubwa usiolala: hospitali, viwanda, mitambo ya kusafisha maji ya chumvi.

Sasa nije kwenye swichi, na hapa naomba mnivumilie.

Mei 2008 Unguja iliingia kiza kama mwezi mzima. Disemba 2009 ikaingia tena, na mara hii mpaka Machi 2010. Hoteli zikaunguruma majenereta, maji hayapandi mabombani, wenye mafriji ya samaki wakafunga. Njia ilikuwa moja, ikaharibika, basi. Ulipokuja waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, na Pemba kupata wake kutoka Tanga mwaka 2010 badala ya yale majenereta ya Wesha, maisha yalibadilika na sina la kulalamikia, lakini somo la njia moja lilibaki. Na boriti ya kutoka angani nayo ni njia moja! Tena waya wa baharini angalau haukimbii, boriti wenyewe wanaisifu kwamba inaweza kugeuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kwa muda mfupi tu, anaehitaji zaidi ndo anapelekewa. Anaehitaji zaidi au anaelipa zaidi? Saa mbili ya usiku mji mkubwa wa mbali ukiwa na joto kali na pesa nyingi, Chake Chake itasikilizwa na nani?

Na si mara ya kwanza anga la kwetu kutumiwa na wengine. Tunguu hapa palikuwa na kituo cha NASA cha kufatilia vyombo vya mradi wa Mercury, ule wa mwanzo wa Wamarekani wa kupeleka watu angani, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomsikiliza. Watu waligombana nacho sana kisiasa, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondoshwa. Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini tokea 1967 mpaka 1988, kwa sababu ikweta inasaidia roketi. Na mwaka 1976 nchi nane za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilikutana Bogotá, Kolombia, zikasema ile obiti, yaani njia ya setilaiti zile zinazoonekana zimesimama, iliyo juu ya vichwa vyao ni yao. Hawakukubaliwa, mana mkataba wa anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kulimiliki. Sawa, sheria ni sheria. Lakini hawa waliliona jambo mapema kuliko wote, na sisi watoto wa Afrika Mashariki hatulisomeshwi hata skuli.

Ndo mana naona tuingie mapema tukiwa washirika, tusije tukaishia kuwa wateja tu. Kituo kimoja kikubwa kingekuwa na megawati 2,000, karibu sawa na bwawa zima la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, Zanzibar peke yetu tungeupeleka wapi umeme wote huo? Lazima liwe la Afrika Mashariki nzima, na nyaya zetu za baharini siku hiyo zibebe umeme kwenda bara. Au tuanze kidogo, kama Iceland, ambako shirika la umeme la Reykjavik lilikubaliana mwaka 2024 na kampuni ya Kiingereza Space Solar juu ya mradi wa megawati 30 unaolengwa 2030, kiasi kinachozidi waya wa Pemba. Wale ni watu wa kisiwa pia na wana umeme wao wa joto la ardhini, hawana njaa nao, lakini wamekaa mezani mapema. King's College London wamefanya utafiti wa Ulaya, wakaona sola ya angani inaweza kupunguza kwa hadi asilimia 80 mahitaji ya sola na upepo wa ardhini ifikapo 2050. Wa kwetu nautaka uandikwe na vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, pamoja na wenzao wa Dar na Nairobi, kwa jua letu na matumizi yetu.

Na humo waandike na suala la ardhi, mana antena ya kituo kikubwa ni duara la kilomita 5 na zaidi, na Pemba ile si ya kutafuta kilomita 5 zisizo na mtu, kote ni mikarafuu na mabonde ya mpunga. Wanasema inatengenezwa kama wavu, mvua na mwanga vinapita, chini unalima. Mimi ningependelea iwekwe baharini kwenye maji mafupi, lakini maji mafupi hayo ndo yenye mwani wa kina mama, kwahivyo kikao cha mwanzo kabisa cha kupanga pahala pa antena wao wawemo ndani, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele yao, pamoja na kile kifungu cha nani ana haki ya kuigeuza boriti na kwa sababu gani.