Sauti Siku Hizi Inapitia kwa Tochi

Sijui nani aliwadanganya hawa watengenezaji wa mashine kwamba sisi wanunuzi tunaishi kule nyuma yake. Deki ya DVD ukiitazama mbele ni ya heshima: kitufe cha kuwasha, kijisinia cha diski, basi. Igeuze sasa. Matundu mekundu, meupe, ya manjano, moja la rangi ya chungwa ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu amewahi kuligusa, na lingine la mraba lenye kijimlango cha kujifunga, kana kwamba ndani kuna mpangaji.

Mimi haja yangu ilikuwa moja, kusikia sinema. Runinga za siku hizi zimekonda mpaka hazina pa kuweka spika, kwa hiyo wamezibandika kwa chini zikitazama meza. Meza yangu inafuata hadithi vizuri sana. Sisi wa kwenye kochi tunakisia.

Basi nikashuka barabara ya Luthuli, Nairobi, kutafuta homu thieta ya mtumba, zile zinazotoka Uingereza. Jamaa akanionyesha moja, spika 5 na wufa. "Mkubwa, hii haijaguswa." Haijaguswa, na juu ina alama ya duara ya kikombe cha chai! Mzungu ametulia na chai yake juu ya hiyo mashine miaka mingapi sijui, na bado haijaguswa. Rimoti haikuwepo. Ilibaki kwao, nadhani iko chini ya kochi la mtu huko Manchester. Nikabeba hivyo hivyo.

Nilivyofika nyumbani Umoja nikachomeka nyaya nyekundu na nyeupe, sauti ikatoka, watoto wakapiga makofi. Mambo yangeishia hapo kama si shemeji. Kila familia ina shemeji mmoja aliyesomea umeme mpaka katikati.

"Shem, hiyo ni analogi," akasema, hata hajakaa. "Una spika 5 na unasikiliza 2. Hii ni 5.1, lazima uingie dijitali."

Nikamuuliza hiyo nukta moja ni nini. Akanyosha kidole kwa wufa. Yaani lile sanduku kubwa kuliko yote, lililomfukuza mtoto mahali alipokuwa akifanyia homuwaki, ndilo linahesabiwa kama nukta moja! Eti kwa sababu linabeba besi peke yake. Huko kwao hawahesabu kwa ukubwa.

Akanielezea kile kitundu cha mraba. Pale sauti haipiti kama umeme, inapita kama mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki. Toshiba ndio walioleta mambo hayo mwaka wa 1983, na watu wakanyamaza tu. Lile tundu la rangi ya chungwa nalo linabeba mzigo uleule, ila kwa shaba. Juu yake pameandikwa S/PDIF. S ni ya Sony, P ni ya Philips. Mafahali wawili wamekaa zizi moja na hakuna aliyekanyaga mwenzake, halafu kwenye ploti yetu tunagombania kamba ya kuanika nguo.

Nikarudi mjini kununua waya wa mwanga. Muuzaji akaniletea mmoja kwenye pakiti inayong'aa.

"Huu ni original, ncha zimepakwa dhahabu."

"Bosi, hapa kunapita mwanga. Mwanga umewahi kuomba dhahabu?"

"Ni ya kuzuia kutu."

"Plastiki inashika kutu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mkubwa, wewe unataka sauti ama unataka mjadala?"

Usio na dhahabu hakuwa nao. Kwa hiyo mimi sasa ni mwananchi mwenye dhahabu nyuma ya runinga na kodi ya nyumba sijamaliza. Na ule waya wa manjano wa picha, uliokuja bure na deki, ungefanya kazi ileile kwenye lile tundu la chungwa, maana nyaya hizo zote mbili ni za kipimo kimoja cha umeme, omu 75. Shemeji alilijua hilo tangu mwanzo. Alilisema baadaye, akiwa katikati ya chapati zetu.

Tukachomeka. Kabla upande wa pili haujaingia, mwanga unatoka pale mwishoni, na watoto wakaushika wakaanza kuandama kidoti chekundu ukutani. "Baba, hiyo ndiyo sauti?" Ndiyo hiyo. Mwonyesheni nyanya yenu aone pesa zangu zinakokwenda.

Tukawasha, na sauti ikatoka kwenye spika zilezile 2. Dhahabu, mwanga, nauli ya matatu kwenda na kurudi, spika 2! Kumbe kwenye menyu deki ilikuwa imewekwa PCM, yaani sauti inayofunguliwa humo humo ndani ya deki, na kwa waya huo PCM hupitisha njia 2 tu. Ukitaka zote lazima uchague "bitstream", ndipo deki inatuma kifurushi cha Dolby kikiwa kimefungwa, homu thieta ikakifungue yenyewe. Shemeji akachagua. Taa ya Dolby Digital ikawaka mbele, naye akakunja mikono kama amezindua daraja.

Hata hivyo, diski zangu za mtaani, filamu 8 kwa diski moja, zilifinywa mpaka zikabaki na njia 2 tu, na kwenye nyingine kuna mtu anakohoa ukumbini. Sasa anakohoa kidijitali. Shemeji akaleta diski halali. Hapo ndipo nikajua kwamba kwenye 5.1 karibu maneno yote ya waigizaji hupelekwa kwa spika ya katikati. Na ya katikati, kati ya spika zangu zisizoguswa, imekufa. Risasi nazisikia zikipita nyuma ya kochi. Mvua inanyesha pembe zote. Watu wanafungua midomo na kufunga.

Dawa ipo. Unaiambia homu thieta haina spika ya katikati, maneno yanagawiwa pembeni. Lakini unaiambia kwa rimoti. Manchester. Na kurudi PCM sirudi, dhahabu nimeshailipia.

Nimebaki na kitufe cha sauti peke yake, nakizungusha nikitafuta maneno, napata besi. Kitambaa cha kufuma alichoweka mama watoto juu ya wufa kinasogea kidole kimoja kila bomu likilipuka. Jumamosi usiku kikaanguka kabisa, na papo hapo mlango ukagongwa. Jirani wa chini, na kaptura ya kulalia. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

"Baba Njeri, hizo bomu tunazipata vizuri kabisa," akasema. "Lakini yule mwanamke, kabla nyumba ilipuke, alimwambia jamaa nini?"